Saba Katika Nyumba ya Wanne

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Maren Kolar alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kushusha pazia la dirisha la jikoni, lile lililotazamana na nyumba ya Bwana Stenberg. Ya pili, kuzunguka nyuma na kuhakikisha kwamba gari la mama mdogo Corinne limefunikwa vizuri kwa turubai. Ya tatu, na hii ndiyo aliyoichukia, ilikuwa kuteremka chumba cha chini ya ardhi na kuanika nepi kwenye kamba iliyofungwa kutoka bomba hadi bomba. Nepi za nyumba hiyo hazikuruhusiwa kuliona jua.

Hakukuwa na mwizi pale nyumbani, wala mtu aliyetafutwa na polisi. Tatizo lilikuwa karatasi moja tu. Mkataba wa pango ulisema nyumba ni ya watu wanne: Baba, Mama, Maren na mdogo wake Wes. Lakini mwezi wa Oktoba mama mdogo Corinne, mdogo wake Mama, alifika na masanduku mawili na mimba kubwa, bila mume. Mama akamwambia Maren, "Mama yako mdogo anapita tu." Februari wakazaliwa mapacha, Otis na Adele, nao pia ikasemwa wanapita tu. Sasa ulikuwa mwezi wa Mei, na wapitaji walikuwa bado hawajapita.

Mwenye nyumba alikuwa Bwana Stenberg, jirani yao wa kulia, mzee wa maneno machache na nyusi nyingi. "Akijua tumeijaza nyumba yake," Baba alisema siku moja mezani, "ana haki ya kututoa." Na katika Alder Fork, mji mdogo wa Nebraska wenye kibao barabarani kilichosema wakazi 506, hakukuwa na nyumba nyingine ya kupanga. Nyumba tupu zilikuwepo, tena kumi na kitu, ila mapaa yake yalikuwa yamebonyea ndani. Wakitolewa, ingebidi wahamie mji ulio maili arobaini, Baba aache kazi yake kwenye ghala la nafaka, na Maren aiache shule aliyoianza akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Jambo hilo lilimnyima raha kila alipolifikiria, naye alilifikiria kila siku.

Jumanne hiyo alikuwa amekwisha shusha pazia aliposikia mlango ukigongwa. Alichungulia. Nje alisimama Bi. Loretta Haas, mpishi wa shule yao. Kofia ya jikoni hakuwa nayo, ila kifuani alining'iniza kitambulisho, na begani alibeba mkoba mweusi ulioandikwa "Sensa".

Maren alielewa mara moja. Mwezi wa Machi fomu ya sensa ililetwa na posta, na Baba akaitia kwenye droo, chini ya bisibisi na betri mbovu, akisema ataijaza siku nyingine. Mwalimu alikuwa ameshawaambia darasani kwamba nyumba zisizorudisha fomu zitafuatwa na karani mlangoni. Mwalimu hakuwaambia kwamba karani mwenyewe atakuwa Bi. Haas, na Bi. Haas alikuwa ndugu wa tumbo moja wa mke wa Bwana Stenberg.

"Hujambo, Maren," Bi. Haas alisema. "Leo sikuja na mwiko. Kuna mtu mzima ndani?"

"Hakuna," Maren alijibu, ingawa Corinne alikuwa chini akibadilisha nepi.

"Basi nitarudi. Siruhusiwi kuandika majibu ya mtoto wa umri wako."

"Lakini tuko wanne tu. Andika wanne, usijisumbue kurudi."

Wakati huohuo Otis akaangua kilio kule chini. Otis hakuwa mtoto wa kulia kwa adabu.

"Ni televisheni," Maren alisema.

Bi. Haas aliinamisha kichwa akisikiliza. "Televisheni yenu ina njaa," alisema taratibu. Akachomeka kikaratasi mlangoni kwamba atarudi Jumamosi, akaenda zake. Alipopita pembeni mwa nyumba, jicho lake lilitua kidogo kwenye kidirisha cha chumba cha chini, kile kilichokaa usawa wa majani. Maren aliliona jicho hilo.

Kesho yake, kwenye foleni ya chakula shuleni, Bi. Haas alimwekea Maren vipande viwili zaidi vya nyama. "Nyumbani hawajambo wote?" akauliza.

Maren aliketi akaitazama sahani yake. Kwa nini nyama ya ziada? Na kwa nini "wote"? Mtu asiye na lake jambo angesema "hawajambo nyumbani" na kunyamaza. Hilo "wote" lilikuwa na mkono ndani yake, mkono unaopapasa. Maren alikula viazi, nyama akaiacha.

Aliporudi nyumbani alasiri hiyo, alimkuta Bwana Stenberg amechuchumaa kando ya nyumba yao. Alikuwa na tepu ya kupimia na kalamu ya risasi sikioni, naye alikuwa akikipima kidirisha cha chini: upana, kisha urefu, kisha upana tena. Nyuma ya kioo, mvuke wa nepi ulikuwa umetanda kama wa sufuria.

"Baba yako anarudi saa ngapi?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Sijui."

"Mwambie nataka kuzungumza naye."

Maren hakumwambia Baba, wala hakumwambia Mama. Aliogopa kwamba akilisema tu, wataanza kufunga mizigo. Usiku alilala akijumlisha mambo: Jumanne Bi. Haas amesikia mtoto, Jumatano shemeji yake amekuja na tepu. Nani tena angemwambia? Hesabu ilitoka kirahisi mno, na Maren hakuona sababu ya kuirudia.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alimvuta rafiki yake Jolene Pruitt nyuma ya bembea. Babu yake Jolene alikuwa akiishi ndani ya gari la kulala lililoegeshwa nyuma ya nyumba yao, kinyume na sheria ndogo za mji, na kila mtoto darasani alilijua hilo.

"Kwenu mmeshahesabiwa?" Maren alinong'ona.

"Bado. Bi. Haas anakuja kesho."

"Msimfungulie. Anayoandika yote anampelekea Bwana Stenberg, na Bwana Stenberg yuko kwenye baraza la mji. Wanatafuta watu wa kuwatoa."

Jolene alikunja uso. "Wewe umejuaje? Umeona?"

"Nimeona kwa macho yangu," Maren alisema. Kwa kweli alichokiona kilikuwa mzee mmoja na tepu. Lakini neno lilishatoka, na lilipotoka alijisikia afadhali, kwa kuwa sasa hakuwa peke yake katika kuogopa.

Alder Fork ni mji ambao mtu akipiga chafya mtaa wa juu, wa mtaa wa chini wanamuuliza kama amemeza dawa. Kufikia Ijumaa jioni habari ilikuwa imeingia kila jiko, na kila jiko liliiongezea chumvi yake. Wes alirudi kucheza na habari kwamba Bi. Haas ana kinasa sauti ndani ya mkoba. Maren, akiwa dirishani, alimwona karani huyo akigonga nyumba ya mkabala. Televisheni ya humo ikazimwa, pazia likatikisika, mlango usifunguliwe. Akagonga ya pili. Hivyohivyo. Bi. Haas alisimama kando ya barabara, akabadilisha mkoba bega, akaenda ya tatu.

Maren alitarajia kufurahi. Badala yake alishindwa kuendelea kutazama, akaondoka dirishani.

Jumamosi saa nne asubuhi Bi. Haas alifika kama alivyoahidi. Mama alikuwa amepika kahawa, na Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Corinne na mapacha walikuwa chini, wameagizwa wasifanye hata kishindo. Maren aliketi pembeni, macho kwenye mkoba ule mweusi.

"Swali la kwanza," Bi. Haas alisema akifungua karatasi zake. "Tarehe mosi Aprili, watu wangapi walikuwa wakiishi au kukaa katika nyumba hii?"

"Wanne," Baba alisema.

Kalamu ya Bi. Haas haikusogea. "Nitaandika utakachoniambia, Curt. Sibishani na mtu kwenye meza yake. Ila niruhusu nikusomee maelezo yaliyo chini ya swali, maana wengi huyaruka. Wanasema uhesabu watoto wachanga. Uhesabu pia mtu anayekaa kwako kwa kuwa hana kwake pengine. Sikuulizi nani yuko kwenye mkataba wa pango. Nauliza nani analala humu."

"Mdogo wangu anapita tu," Mama alisema.

Baba alimtazama. Mama akaufunika mdomo kwa kiganja, lakini kiganja kilichelewa.

"Anapita tangu lini?" Bi. Haas aliuliza kwa upole.

"Oktoba."

"Hapo, Janelle, kupita kumeshakuwa kukaa."

Maren hakuweza kujizuia. "Ili ukamwambie Bwana Stenberg? Si umeshamwambia. Jumatano amekuja kupima dirisha la chini."

"Amepima nini?" Baba aliuliza. "Mbona hukuniambia?"

Bi. Haas aliiweka kalamu mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa uso wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta, naye hakipendi.

"Kabla ya kupewa mkoba huu niliinua mkono nikaapa," alisema. "Nikimwambia dada yangu kwamba mmenipa kahawa, hilo ni langu na lenu. Nikimwambia mnalala wangapi, naenda jela. Wala si wiki hii tu, ni maisha yangu yote. Shemeji yangu alipima dirisha kwa sababu zake mwenyewe, na mimi sizijui." Akagonga orodha yake kwa kidole. "Jumatano nilibakiwa na nyumba ishirini. Tangu Alhamisi nimegonga kumi na nne, na sikufunguliwa hata moja, isipokuwa kwa akina Dressler, na hapo nilifunguliwa na mbwa. Mtu amesema jambo."

Maren alilitazama bakuli la sukari. Masikio yalimwaka moto.

"Mimi kufungiwa mlango si kitu, nitapona," Bi. Haas aliendelea. "Lakini miaka kumi iliyopita mji huu ulihesabiwa watoto thelathini na mmoja walio chini ya miaka mitano. Kwa hesabu hiyo wilaya inamleta muuguzi wa watoto mara mbili kwa mwezi. Mpaka leo nimewapata kumi na tisa. Majina ni siri, idadi si siri. Wakibaki kumi na tisa, muuguzi atapelekwa kwenye watoto wengi zaidi. Sisemi hivi kuwatisha. Ndivyo wanavyogawa."

Ngazi za chumba cha chini zililia. Corinne alipanda polepole, pacha mmoja kila mkono, nywele hazijachanwa.

"Corinne, rudi chini," Mama alisema.

"Sirudi, dada. Muuguzi huyo ndiye aliyesikia kifua cha Otis kikikoroma wakati sisi wote tunasema ni mafua." Akageuka kwa Bi. Haas. "Andika saba. Corinne Vesely, miaka ishirini na sita. Huyu Otis, huyu Adele."

"Hawajafika mwaka, kwa hiyo umri wao unaandikwa sifuri," Bi. Haas alisema.

"Waandike sifuri, mradi wahesabiwe."

Kalamu ikaandika. Maren aliifuata kwa macho, herufi kwa herufi, akiwaza kwamba kila jina linalokwenda pale linasogeza masanduku yao karibu na mlango. Bi. Haas alipomaliza, Baba alisimama akavaa koti.

"Maren, twende," alisema. "Kama tutatolewa, afadhali mzee asikie kutoka kwangu."

Walimkuta Bwana Stenberg kwenye banda lake la useremala. Sakafu ilikuwa imejaa takataka za randa. Baba alivua kofia, akasema yote bila kuzungukazunguka: Oktoba, Februari, turubai, nepi. Mzee alimsikiliza huku akipuliza vumbi kwenye ubao.

"Nimejua tangu Februari," Bwana Stenberg alisema mwishowe. "Kidirisha cha chini kimelowa mvuke mchana na usiku. Nikasema, ama Curt anapika pombe, ama kuna mtoto. Pombe haitoi kilio."

Baba alizungusha kofia mikononi.

"Nimekasirika, usifikiri sijakasirika. Si kwa sababu ya watoto. Miezi saba tunasalimiana kwenye uzio, na muda wote unanionyesha pazia." Aliinua ubao, na hapo Maren akaona kwamba ni fremu, kubwa, mara tatu ya kile kidirisha. "Moto ukishika ngazi ile, yule binti atatokea wapi na watoto wawili mkononi? Kwenye tundu la paka? Nimetaka kuzungumza nawe tangu Jumatano nije nibomoe ukuta. Binti yako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Basi nitaanza Jumatatu. Na mkataba tutauandika upya, wa watu saba. Safari hii uandike ukweli, maana sina nyusi za kuinua tena." Akamgeukia Maren. "Mlidhani nani ameniambia?"

Maren alitamani sakafu ile ya takataka za randa immeze. "Nilidhani Bi. Haas."

"Loretta?" Mzee karibu acheke. "Yule amekula kwetu Jumapili. Nimemuuliza nyumba zimebaki ngapi, akaniambia nimsogezee viazi."

"Nilidhani," Maren alisema tena, "halafu nikamwambia Jolene kwamba nimeona."

Machozi yalimtoka hapohapo, mbele ya wanaume wawili na msumeno. Alikuwa ameponea kutolewa nyumbani, na bado alijiona hana pa kujificha. Baba alimshika bega wakatoka. Walipofika kwenye uzio alisimama.

"Kuficha tulikufundisha sisi," Baba alisema. "Kila siku ulipokuwa ukishusha pazia lile, ni mimi na mama yako tuliokutuma. Kosa hilo ni letu, nami nitawaambia mapacha wakikua. Lakini kumsingizia mtu asiye na hatia hatukukutuma. Hilo ulilifanya mwenyewe, na utalifuta mwenyewe."

"Nitalifutaje? Nyumba ni kumi na nne."

"Una miguu," Baba alisema.

Bi. Haas alikuwa bado ngazini kwao, akipanga karatasi. Maren alimwendea, akamwambia yote, hata ile nyama aliyoiacha sahanini. Karani alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia kwa neno lolote.

"Nilikuongezea nyama kwa sababu umekonda," alisema. "Wiki nzima unakula kama mtu anayesubiri hukumu."

"Twende wote, niwaambie nilidanganya."

"Siruhusiwi kwenda na mtu mlangoni. Tangulia wewe. Ukishatoka, ndipo nitagonga mimi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya akina Pruitt. Jolene alifungua kidogo, nyuma yake babu yake akiwa amesimama na soksi zake nzito. Maren alikuwa amejitungia hotuba barabarani, lakini ilimpotea.

"Nilisema nimeona," alisema. "Sikuona. Bi. Haas hajamwambia mtu chochote. Nilitunga kwa sababu niliogopa tutatolewa."

"Na kinasa sauti je?" babu aliuliza.

"Hicho hata sikijui kimetoka wapi."

"Kwa hiyo umetuchezesha kujificha siku mbili. Mimi nimelala na taa imezimwa saa kumi na mbili jioni, mzee mzima." Alimtazama Maren kwa muda, na Jolene naye alimtazama, na mtazamo wa Jolene ndio uliomuuma zaidi. "Haya. Mwambie aje."

Bi. Haas akaingia, mlango ukafungwa, Maren akabaki nje. Alipotoka, karatasi zilikuwa tayari zimerudi mkobani.

"Wamesema wangapi?" Maren aliuliza kabla ya kufikiri.

"Unauliza kwa ajili ya mji, au kwa ajili yako?"

Maren alifikiri. "Yangu."

"Basi siwezi kukujibu." Bi. Haas alikaza mkanda wa mkoba begani. "Nikwambie kitu, mwanangu, halafu tuendelee na kazi. Mtu mwenye jambo la kuficha, kila anayemtazama humwona mpelelezi. Ukijikuta unaanza kumdhania mtu, mwulize yeye kwanza, usiuulize woga wako. Mimi ungeniuliza Jumatano, kwenye foleni, ningekujibu huku nakupakulia. Na ukishasema uongo juu ya mtu, pole ya kumwambia yeye peke yake haitoshi. Lazima ifike kila mahali uongo ulipofika."

Maren aliitikia kwa kichwa. Mtaa ulikuwa mrefu, na nyumba zilizobaki zilikuwa kumi na tatu. Alishuka ngazi, akavuka barabara, akagonga ya akina Dressler, na mbwa akaanza kubweka.